Kaburi Katikati ya Ngano

Balangdalalu,
15 Agosti 2004

Mdogo wangu Scola,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, maana najua ungeanza nayo. Sisi tupo. Mvua ilituacha mapema, mahindi yakanyauka yakiwa usawa wa kiuno, lakini ng'ombe wana nafuu tangu tuwapeleke kulamba chumvi ziwani Balangida. Ndama wako yule mwekundu sasa ni mtamba. Jenifa amejifungua mtoto wa kike, na mama anasema ana pua yako, pole yake. Mama mwenyewe hajambo, ila magoti yanamgomea.

Sasa kaa chini. Nimeacha wiki zipite ili nikuandikie kwa adabu, na adabu yenyewe bado haijafika.

Siku ya Mashujaa walituita Katesh. Tuna mkoa mpya, kwa hiyo kila kitu lazima kiwe na sherehe. Watu wa kamati walikuja bomani na gari, wakasema mama wa shujaa anatakiwa akae mbele. Mama alifurahi. Tangu kaka yetu Gidahoda auawe Msumbiji mwaka 1988, hakuna mtu wa serikali aliyefika hapa kumtaja jina. Akatoa kitenge chake kipya sandukuni. Kijana mmoja wa kamati akasema, "Hapana, bibi avae ile sketi ya ngozi na shanga zote, mgeni rasmi apate picha ya utamaduni." Mama akakirudisha kitenge sandukuni.

Mgeni rasmi aliongea vizuri, sitamsingizia. Alisema vijana wetu hawakuvuka Ruvuma kutafuta mali. Walikwenda ili wenzetu wawe huru, walime mashamba yao bila hofu, wazike wafu wao kwa amani. Nilikuwa namtafsiria mama sikioni. Nilipofika hapo pa kuzika wafu, akasimama. Wakadhani anataka kushukuru, wakampa kipaza sauti. Akasema kwa Kibarabaig, taratibu kabisa: "Mwanangu alikufa ili watu wa huko wasinyang'anywe nchi yao. Na nchi yangu je? Na kaburi la mume wangu je?"

Yule kijana wa kamati ni mtoto wa hapa hapa, lugha anaijua. Akachukua kipaza sauti akasema, "Mama anashukuru sana." Watu wakapiga makofi. Mama akapewa kanga na chupa ya chai, tukarudishwa nyumbani.

Haya yafuatayo unayajua, ila nayaandika ili uwasomee hao wakubwa wa jeshi huko Mtwara. Waambie kwamba baba yetu alipofariki tulimjengea bung'eda kule Gehandu tulikozaliwa. Waeleze kuwa bung'eda ni kaburi la mwinuko, ukoo mzima hulijenga kwa miezi kadhaa kwa miti, udongo na samadi, na hajengewi kila mtu, ila mzee wa heshima aliyeacha watu. Waambie siku ya kulifunga mzaliwa wa kwanza hupanda juu na kusimika fimbo ya marehemu na majani mabichi. Gidahoda aliomba ruhusa kambini akaja kupanda akiwa na magwanda yake ya jeshi. Alipokuwa anaondoka alimwachia mama fimbo yake ya kuchungia, akasema, "Nitunzie, nikirudi nitachunga." Mama anaipaka siagi mpaka leo.

Mwaka 1988 habari za kifo zikaja. Mama akatoka peke yake kwenda kaburini kumweleza baba kwamba mwanawe amekufa. Alikuta ngano. Trekta la shamba kubwa la serikali lilikuwa limepita juu ya baba na kusawazisha. Mama alizunguka mle ndani mchana kutwa akimtafuta mume wake, mpaka mlinzi akamfukuza kwa kuwa anakanyaga mazao.

Nasikia mifupa ya waliokufa Msumbiji imerudishwa, na wamezikwa Naliendele, karibu na wewe. Nenda kamwone. Waombe watupe mtu wetu. Mama anataka alale kando ya baba yake, na hana ombi jingine hapa duniani.

Ni mimi kaka yako,
Tadei


Mtwara,
26 Septemba 2004

Kaka Tadei,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu, na wifi Jenifa mpe hongera kwa mtoto. Pua yangu ina kosa gani? Mbona niliolewa nayo.

Barua yako ilikaa njiani zaidi ya mwezi, ikafika imelowa pembeni kama vile imeogelea Rufiji. Huku ni msimu wa korosho, watu wana pesa kidogo na ajali za pikipiki ni nyingi, kwa hiyo wodini hatupumui. Mwalimu Vicent, shemeji yako, anakusalimu. Anasema ukija atakulisha pweza, na mimi nimemwambia Mbarabaig halishwi kitu chenye mikono minane.

Nimekwenda Naliendele. Kaburi la kaka nimeliona. Ni safi, limepakwa chokaa, jina lake lipo na wenzake wamelala kulia na kushoto kwa mstari ulionyooka. Nilikuwa nimenunua maua ya plastiki. Nilipofika nikayaonea haya, nikayaacha kwenye mkoba, nikatoka nje ya uzio kung'oa majani mabichi, nikamwekea hayo. Nililia, kaka, lakini vizuri.

Kuhusu kumleta nyumbani, nimeuliza. Bado nafuatilia.

Naomba usigombane na watu wa shamba. Mwenye nguvu mpishe. Una watoto, na mama hana mwingine wa kumtegemea hapo bomani. Wazee wanasemaje? Hukunieleza.

Mdogo wako akupendaye,
Scola


Balangdalalu,
5 Novemba 2004

Scola,

Salamu nyingi. Mtoto tumembatiza Mary, padri alikuja mwenyewe. Yule mtamba mwekundu alipata ndigana, nikadhani tumempoteza, sasa anakula. Mama nilimsomea barua yako. Hapo pa majani mabichi alinirudisha nisome tena, halafu akaniomba nisome tena.

Unasema mwenye nguvu mpishe. Scola, sisi tumempisha! Tulitoka Gehandu na mifugo na watoto tukampisha, tukaja kubanana huku. Hadi marehemu wetu wakampisha. Sasa sikia kilichofuata. Serikali imechoka na ngano. Wanasema shamba linakula hasara, zama hizi ni za soko huria, atafutwe mwekezaji. Wapimaji wamekuja na wamepanda bikoni za mipaka mle ndani. Mimi mtu wa darasa la saba nilidhani mtu akichoka na kitu alichochukua, hukirudisha kwa mwenyewe. Kumbe hukiuza.

Na Katesh wanataka kujenga mnara wa mashujaa. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Basi hilo ndilo jiwe analochongewa mama yetu, alibebe mgongoni badala ya mwanawe, na atabasamu apigwe picha.

Uliuliza wazee. Nilikwenda kwa baba mkubwa Gidabuyoka kuomba ruhusa ya bung'eda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikatalia. Alisema, "Gidahoda alikufa kijana. Hakuoa, hakuacha mtoto. Bung'eda ni ya mtu aliyeacha watu. Na mwili uko wapi? Tutajengea upepo?" Nilimwambia alikufa kwa ajili ya watu wengi kuliko wote waliowahi kujengewa hapa. Akaniuliza, "Watu gani? Wako wapi? Wataje." Nikaondoka na hasira yangu, nikampiga punda asiye na kosa.

Mwili nao sina, kwa sababu nilikuuliza jambo moja tu na wewe ukanijibu mengine yote. Unafuatilia nini tangu Septemba? Wamesemaje?

Tadei


Mtwara,
30 Januari 2005

Kaka yangu,

Shikamoo. Nilikuandikia kabla ya Krismasi, hukujibu. Nikaandika tena mwaka mpya, kimya. Nilipiga simu kwa Genoveva, yule binamu mwenye duka Katesh, akababaika, akasema mko wazima, halafu akasema salio limekwisha wakati aliyepiga ni mimi. Kuna nini hapo nyumbani? Mama yuko hai?

Sisi ni wazima. Mvua zimekata barabara, mafuta ya taa yamepanda, Vicent amehamishiwa shule ya mbali na anarudi Jumamosi tu.

Nimeamua nikwambie. Nilijibiwa siku ile ile ya kwanza. Ofisa alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasikiliza habari zote za baba na bung'eda mpaka mwisho. Alisema haiwezekani. Alisema, "Dada, hawa walikufa pamoja, wanalala pamoja. Tukimtoa mmoja, tutawaambia nini wengine?" Sikuweza kubishana naye, maana alisema kwa huzuni. Nikatoka nikakuandikia kwamba nafuatilia, kwa kuwa nilimwona mama akilini mwangu akisomewa neno lile na sikulitaka limfikie kutoka mkononi mwangu.

Sasa kuna jambo la pili. Jumapili moja nilikuta mwanamke akifagia yale makaburi. Anaitwa Natalia, Mmakonde wa ng'ambo, kijiji chake kiko Msumbiji. Huvuka Ruvuma kuja kuuza mihogo mikavu, na kila akija hupita kufagia. Nilimuuliza ndugu yake ni yupi. Akasema hamjui hata mmoja kwa jina. Akaniambia, "Wakati wa vita tulikuwa tunavuna mahindi yetu huku tumebeba watoto mgongoni tayari kukimbia. Askari wa Tanzania walikuja wakasimama pembeni mwa mashamba, migongo yao kwetu, nyuso zao porini. Tukavuna. Wengine walikufa hapo hapo wakiwa wamesimama. Watoto wangu wote sita wamekua kwa sababu ya mavuno yale. Kwetu kaburi la mzazi hufagiliwa. Hawa nao walituzaa."

Nilimwonyesha la kaka. Alilifagia mara ya pili, ingawa lilikuwa safi.

Tafadhali andika, hata kama ni kunitukana.

Scola


Balangdalalu,
18 Aprili 2005

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama yuko hai. Mtoto Mary anakaa. Mvua safari hii ni nzuri na maziwa yapo ya kugawa hadi kwa majirani.

Nilikuwa mahabusu. Niling'oa bikoni, zote nilizoweza kuziona, nikazirundika mbele ya ofisi ya shamba ili wasipate taabu ya kuzitafuta. Mambo ya mle ndani sitakueleza. Nilitoka mwezi wa pili kwa dhamana ya Philemon, yule mwalimu wa Gehandu niliyesoma naye. Genoveva tulimkataza kukwambia. Mama alianguka siku niliyochukuliwa, akalala muda mrefu bila kunena, na wewe ni nesi, ungepanda basi na kuacha kazi. Basi nawe usinilaumu.

Ila mimi nitakulaumu. Wewe ulijua tangu Septemba! Mama alifagia pale mlangoni mwa boma kila asubuhi akisema mwanawe akija asikute takataka, na wewe unajua kwamba haji. Nilipoisoma barua yako niliitupa motoni, Jenifa akaichomoa. Pembeni imeungua, lakini maneno yapo. Shukuru mke wangu.

Baadaye nikaichukua hiyo barua iliyoungua mpaka kwa baba mkubwa Gidabuyoka. Walikuwepo wazee wengine, wanakunywa pombe ya asali. Niliwasomea habari za Natalia. Baba mkubwa akainua mkono nisiendelee.

"Huyo mwanamke ana watoto?"

Nikasema sita.

"Wanaishi?"

Nikasema wanaishi.

"Na analifagia kaburi la mwenetu bila kuitwa wala kulipwa?"

Nikasema ndivyo ulivyoandika, na kwamba hujui kusema uongo, isipokuwa mara moja tu.

Akawageukia wenzake. "Kijana huyu ameacha watu. Wapo ng'ambo ya mto, lakini ni watu. Mimi nilimwambia Tadei awataje, leo ametaja." Mzee mmoja akauliza habari ya mwili. Baba mkubwa akasema, "Alete udongo uliomlalia. Fimbo yake ipo kwa mama yake."

Kwa hiyo tafuta udongo. Usiniambie unafuatilia.

Tadei


Mtwara,
29 Mei 2005

Kaka,

Shikamoo. Lawama nimezipokea zote, na zile za mwisho ndizo zilizoniuma, habari za mama kufagia. Mwambie Jenifa namshukuru.

Udongo analeta Cyprian, mfanyakazi mwenzangu wa hospitali, mzaliwa wa Tumati, anakwenda likizo kwao Mbulu na atashuka Katesh kwanza kukuachia. Upo kwenye kopo la maziwa ya unga, nimelifunga na kitenge. Cyprian amekula kiapo kwamba hataliweka chini ya kiti.

Nilipokuwa nachota, askari wa zamu alinijia. Akauliza, "Dada, unafanya nini hapo?" Nikamjibu kwamba sikatai wanachosema wakubwa wake, mifupa ibaki na wenzake, ila huu udongo ni kaka yangu na mama anamtaka. Aliangalia kopo, akanisaidia kulishindilia kifuniko. Alitaka kujua tutamweka wapi. Nilimweleza kuhusu baba na trekta. Hakuamini, Tadei. Aliniuliza mara mbili kama yote hayo yalitokea mwaka ule ule kaka alipokuwa vitani.

Kwa miaka yote hii nimekuwa nikikwambia utulie. Mimi ni mtumishi wa serikali, nimezoea kusubiri majibu, na ninakula mshahara wao. Lakini juzi hospitalini walitangaza tuchangie sherehe za Siku ya Mashujaa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Likizo nimenyimwa mpaka Desemba, sitakuwepo siku ya kufunga. Nataka uniandikie kila kitu, hata maneno ya mama yale makali ambayo huwa unayapunguza ukiniandikia.

Usitulie.

Scola


Balangdalalu,
3 Agosti 2005

Scola, mdogo wangu,

Marahaba nyingi. Watoto wazima, mtamba mwekundu ana mimba, Cyprian alilileta kopo akiwa amelipakata kama mtoto mchanga. Mama alilala nalo siku ya kwanza.

Bung'eda imesimama. Imesimama Gehandu, pale pale pa baba, katikati ya ngano. Utauliza tulijuaje mahali. Mama alitupeleka. Alituambia amejua tangu msimu uliofuata baada ya kufukuzwa, ila hakuna aliyemuuliza. Pale ngano huwa ndefu na nyeusi kuliko ya pembeni, kwa sababu samadi ya ukoo mzima iko chini. Miaka yote hii walivuna mkate kutoka kwa baba yetu.

Tulianza kazi mwezi wa sita. Mlinzi alituona, akapeleka taarifa, lakini wakubwa walikuwa wanabishana kama shamba ni la serikali bado au la mwekezaji tayari, kwa hiyo hakuja mtu. Wanawake wa ukoo walileta samadi kwa vikapu, vijana wakakata miti. Udongo wako tuliuweka ndani kwa mkono wa mama. Kaburi si refu kama lile la kwanza, maana wengi wetu wamehamia mbali kutafuta malisho, lakini ukisimama barabarani unaliona.

Siku ya kufunga baba mkubwa aliichagua kwa hesabu zake za mwezi. Ikaangukia ile ile ya sherehe ya Katesh. Kule walimwekea mama kiti mstari wa mbele, na nasikia kilikaa wazi mpaka mwisho. Mama alivaa sketi yake ya ngozi na shanga zote. Hakuambiwa na mtu.

Nilipanda mimi. Nilisimika fimbo ya Gidahoda na majani mabichi, na fimbo ilikuwa imelainika kwa siagi mpaka ikataka kuniponyoka. Nililia huko juu mbele ya wakwe zangu, sijali.

Nikiwa bado juu, kombaini ikaja kuvuna. Nyuma yake gari la meneja na polisi mmoja. Dereva wa kombaini anaitwa Hermani, Mwiraqw wa Tumati. Alipoona ni kaburi alizima injini, akashuka, akavua kofia. Meneja akapiga kelele ni nani aliyeruhusu. Nikateremka nikamwambia, "Humu yumo askari wa Jeshi la Wananchi aliyekufa Msumbiji ili wenzetu wawe huru. Leo ni siku yake. Kule Katesh wanasema sasa hivi kwenye kipaza sauti kwamba tusiwasahau. Kama unataka kupita, pita."

Polisi naye akavua kofia. Meneja akaangalia huku na huku, akapoa. Alisema shujaa tunamheshimu, kombaini itazunguka. Nami nikaanza kumshukuru, Scola, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumshukuru! Ndipo akaona jinsi mwinuko ulivyo mpana. Akauliza mbona mkubwa kiasi hiki kwa mtu mmoja. Nikasema pembeni yake yupo baba yake, yupo tangu zamani.

Akauliza, "Na huyo baba alipigana vita gani?"

Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa ninapoandika. Kwamba mtoto afe Msumbiji ndipo baba yake apewe ruhusa ya kulala hapa Hanang. Na kama Gidahoda angebaki hapa kuchunga ng'ombe wake akafa kwa malaria, kombaini ingepita.

Mama aliuliza meneja amesema nini. Nikamtafsiria. Alisogea karibu naye kwa yale magoti yake, akamtazama usoni, akasema maneno machache kwa Kibarabaig. Meneja akatabasamu, akaniuliza, "Mama anashukuru?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mama anasema hivi: "Mume wangu hakupigana vita yoyote. Alikuwa amelala nyumbani kwake, ninyi ndio mliokuja."

Safari hii mkalimani nilikuwa mimi, na sikupunguza neno.

Kaka yako,
Tadei